Nyumba Zilizofungwa za Mji Mkongwe Zirudishwe kwa Familia

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na Shirika la Nyumba Zanzibar.

Assalaamu alaykum.

Waheshimiwa, nawaandikia juu ya nyumba zilizofungwa ndani ya Mji Mkongwe. Mnazijua kuliko mimi, maana funguo zake ziko kwenu. Ni nyumba za Serikali na za wakfu ambazo waliokuwa wakikaa ndani walitolewa kwa kuwa hazikuwa salama tena. Mlango ukatiwa kufuli, madirisha yakapigiliwa mbao, na baada ya hapo kimya. Nyengine zimeegemezewa magogo ili zisimwangukie mpita njia. Nyengine zimeshaota miti ukutani, na mizizi yake inapenya kati ya jiwe na jiwe kila mwaka.

Ombi langu ni moja. Nyumba hizi zikarabatiwe ziwe makaazi ya familia, familia kadhaa ndani ya nyumba moja, kila moja na mlango wake, jiko lake na choo chake, kwa kodi ambayo mwalimu wa skuli, muuguzi wa hospitali ya Mnazi Mmoja au muuza samaki wa Malindi anaimudu. Nasema hivi nikijua kwamba kila nyumba inapotajwa siku hizi, neno la kwanza linalofuata ni hoteli.

Nimezaliwa Mkunazini na bado nakaa huko. Majirani niliokua nao wengi wako nje ya mji, Fuoni, Tomondo na Mwanakwerekwe. Hawakuondoka kwa kuuchukia mji. Waliondoka kwa sababu nyumba ilivuja mpaka haikaliki, au mwenyewe alipata mpangaji wa dola, au walitolewa kwa usalama wao wakaambiwa wasubiri. Wanarudi Ijumaa kusali msikiti wao wa zamani, wanakaa barazani kidogo, halafu wanawahi daladala.

Mji wetu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mamlaka ya kuuhifadhi imekuwepo tangu 1985, na sheria yake ikatungwa 1994 na kuandikwa upya 2010. Kazi kubwa imefanywa na sina nia ya kuidharau. Lakini tuangalie upande wa pili wa hesabu. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ile ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka kwa miaka kumi, na sehemu kubwa yao wamejazana Mjini Magharibi, ambako mashamba ya mikarafuu na minazi yanageuka viwanja mbele ya macho yetu. Tunakata minazi kujenga vyumba huku vyumba vilivyojengwa na mababu, vyenye kuta za mawe na upepo wa bahari, vimefungwa kufuli. Hilo halinipi usingizi.

Mwaka 2020, tarehe 25 Disemba, sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilianguka na watu wawili wakafa. Lile ni jumba la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lililostahimili hata mizinga ya Waingereza ya 1896. Lilianguka likiwa katikati ya matengenezo. Ikiwa jumba linaloangaliwa na dunia nzima limeanguka, nyumba isiyo na jina katika kichochoro cha Kajificheni, isiyopigwa picha na mtu, iko katika hali gani?

Wapo wanaosema kwamba familia ndizo zilizoziharibu nyumba hizi, kwa hivyo kuzirudisha ndani ni kurudia kosa. Hoja hii inastahili jibu la kina, na jibu lenyewe limo ndani ya kuta.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na familia kutoka Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa mji, na mashamba zikapewa vyumba humo. Ilikuwa haki kwamba watu waliokuwa wakiingia nyumba zile kwa mlango wa nyuma, kama watumishi, wapewe pahala pa kulala. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja na watumishi wake ikatiwa familia sita, saba, bila ya mtu kuipanga upya. Chumba kimoja familia moja. Vyoo vikaongezwa ghorofani popote penye nafasi, mabomba yakachomekwa ndani ya kuta, jiko la makaa likawekwa juu ya sakafu ya boriti. Kodi ikawa ndogo kiasi kwamba haikununua hata pipa la chokaa, na mwenye jukumu la kutengeneza akawa Serikali, ambayo wakati ule ilikuwa inajenga majumba ya ghorofa ya Michenzani na ina mengi mikononi. Mpangaji hakuwa na idhini ya kutengeneza, wala mwenye nyumba hakuwa na fedha za kutengenezea. Nyumba yoyote duniani ingeanguka kwa utaratibu huo, ikaliwe na masikini au na wafalme.

Nyumba ya Mji Mkongwe ina masharti yake. Ukuta ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, unene wake nusu mita na zaidi. Dari zimelalia boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, chumba hakizidi sana mita tatu kwa upana. Kinakuwa kirefu na chembamba. Ndiyo maana ukiingia nyumba kongwe yoyote, iwe Hurumzi au Baghani, vyumba unavikuta vinafanana. Anayetaka ukumbi mpana wa kisasa hana budi kubomoa ukuta wa kati, na ukuta wa kati ndio unaobeba dari zote za juu.

Adui mkubwa ni maji. Maji ya mvua kutoka paa bovu, maji ya choo kilichotiwa ghorofani bila ya mpango, maji ya bomba lililofukiwa ukutani likapasuka bila ya mtu kujua. Kichwa cha boriti, kile kilichochomekwa ndani ya ukuta, ndicho kinachooza mwanzo, na huwezi kukiona kwa kuwa kimefichwa na lipu. Fundi asiyeijua nyumba akija, anapiga lipu ya saruji. Saruji haiachii unyevu utoke. Chumvi inajikusanya nyuma yake, jiwe linamung'unyika taratibu, na siku lipu ikianguka inashuka na kipande cha ukuta. Chokaa inachukua wiki nyingi kuiva kabla ya kutumiwa, nayo inataka subira, lakini inauacha ukuta upumue.

Sasa, mkitazama masharti hayo, mtaona kwamba fleti za familia zinaifaa nyumba hii kuliko hoteli. Hoteli inataka bafu katika kila chumba. Nyumba yenye vyumba kumi na tano itatiwa mabafu kumi na tano, pamoja na kiyoyozi kila ukuta, na mara nyingi bwawa la kuogelea na mkahawa juu ya paa. Nyumba hiyohiyo ikigawiwa familia tano inahitaji mabafu matano na majiko matano. Yote yanaweza kupangwa upande mmoja wa nyumba, ghorofa juu ya ghorofa, jiko juu ya jiko na choo juu ya choo, ili maji machafu yashuke kwa njia moja. Mabomba yapitishwe wazi uani badala ya kufukiwa ukutani, bomba likivuja hata mtoto alione. Matangi ya maji yakae chini, na pampu ndogo ipandishe. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima, na mimi nimeyaona matatu yamepangwa juu ya paa la boriti.

Kila fleti iwe na mita yake ya Tukuza, ili asilipe huyu umeme wa yule. Gesi ichukue nafasi ya makaa. Fleti za chini wapewe wazee na wasiojiweza, kwa sababu ngazi za nyumba zetu ni kali. Na jambo la moto lisipuuzwe. Gari la zimamoto haliingii Kiponda wala Sokomuhogo, kwa hivyo panahitajika njia ya pili ya kutokea na mabomba ya kuzimia moto mitaani yenye maji kweli.

Ua wa kati ubaki wa wote. Hapo ndipo nguo zitaanikwa, watoto watacheza, na bibi mmoja ataangalia watoto wa watatu. Kwa kifupi kidogo niseme hili pia: mlango mkubwa wa nakshi na baraza ya nje vitabaki vikitumika kila siku, na kitu kinachotumika kila siku kina mtu wa kukipaka mafuta.

Waheshimiwa, mtaniambia haya ni mawazo tu. Itazameni Italia, nchi moja yenye miji miwili iliyochagua njia mbili. Kisiwa cha kale cha Venice kilikuwa na watu zaidi ya 170,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 wakaazi wake walishuka chini ya 50,000. Nyumba hazikuanguka, zimepakwa rangi na zimejaa wageni, lakini wakaazi wanaishi bara na kuvuka kwenda kazini, kama walivyo jamaa zetu wa Fuoni.

Bologna walifanya vyengine. Mwaka 1973 baraza la mji lile liliamua kwamba fedha za nyumba za umma, ambazo kwa kawaida zilijenga majengo mapya pembezoni, zitumike kukarabati nyumba kongwe za katikati ya mji. Wasanifu wao walizipanga nyumba kwa aina zake, wakaamua kila aina inabeba matumizi gani bila ya kuumia. Wakaazi waliopisha ujenzi walipewa makaazi ya muda palepale karibu ili warudi kazi ikimalizika. Hawakufika mbali kama walivyokusudia. Wazo la kuzichukua nyumba za watu binafsi lilipingwa vikali wakaliacha, wakafanya mikataba na wenyewe. Na hapa ndipo sisi tunapowazidi, kwa sababu nyumba ninazozisemea tayari ni za umma na za wakfu. Hakuna wa kunyang'anywa.

Juu ya wakfu nina neno la kuwaambia Kamisheni, na nalisema kwa heshima. Aliyeweka wakfu nyumba yake aliiweka isiuzwe na faida yake iendelee: kwa msikiti, kwa madrasa, kwa mayatima, kwa kizazi chake. Nyumba iliyofungwa haimfikishii hata mmoja wao shilingi. Naelewa kwamba kodi za zamani zilikuwa hazitoshi matengenezo, na kwamba hilo limekuwa fundo kwa miaka mingi. Fundo hilo linafunguka kwa kuitazama nyumba nzima. Nyumba nyingi zetu, hasa zile za Wahindi, zilijengwa tangu mwanzo kuwa na milango ya maduka chini na makaazi juu. Milango ya maduka ya mitaa inayopita wageni ikodishwe kwa bei ya soko, na fleti za juu kwa bei ya mwananchi. Duka libebe paa. Sehemu ya kodi hiyo itengwe kwa ajili ya matengenezo ya nyumba ileile, isiingie katika mfuko mkuu ikapotelea huko, na wapangaji waonyeshwe hesabu yake kila mwaka.

Fedha za kuanzia ndizo ngumu, nalijua hilo. Lakini mgeni anayelala hotelini Zanzibar tayari analipa ada kwa kila usiku. Anakuja kuuona Mji Mkongwe. Kuchukua fungu dogo la ada hiyo na kulitia katika mfuko wa makaazi ya Mji Mkongwe ni haki ya mji uliomleta. Shirika la Nyumba nalo linajenga ghorofa mpya. Liipe kazi hii nafasi katika mipango yake, kwa sababu fleti iliyokarabatiwa Hamamni ni nyumba sawa na fleti iliyojengwa nje ya mji. Tena haihitaji barabara mpya wala skuli mpya. Skuli ipo, hospitali ipo kwa miguu, soko la Darajani lipo.

Sitaki mnione mpinzani wa hoteli. Vijana wengi wa mtaani kwangu wanakula kwa hoteli, na baadhi ya nyumba zisingesimama hadi leo lau si wawekezaji. Lakini tumeona pia ilivyokuwa kwa Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 pale Shangani, iliyogeuzwa hoteli kubwa ikafunguliwa 2015 baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kueleza wasiwasi wake waziwazi. Nafasi ya umma iliyopotea ufukweni pale hairudi tena. Kila mkataba mpya wa kukodisha nyumba ya Serikali kwa mwekezaji, kama ni lazima uwepo, uwe na sharti la makaazi: sehemu ya jengo, au jengo jengine la jirani, likarabatiwe kwa familia za Zanzibar kwa gharama za mwekezaji huyo.

Na fleti zikishapatikana, zilindwe. Tunajua yanayotokea. Mtu anapewa nyumba kwa kodi nafuu, anapokea kilemba, yaani fedha za kuachia nyumba, anamwachia mwengine, na mwisho wa mwaka ndani kuna wageni wa wiki moja moja huku jina kwenye karatasi ni la mtu anayekaa Mwera, nje ya mji. Mkataba useme wazi kwamba fleti ni ya kukaliwa na aliyeandikiwa na familia yake, haikodishwi kwa watalii, haipokelewi kilemba, na anayehama anairudisha kwa mwenye nyumba. Sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, anawajua watu wake. Apewe jukumu la kuthibitisha nani anakaa wapi. Mgao ufanywe hadharani, kwa vigezo vilivyobandikwa ukutani kila mtu avisome. Isipokuwa hivyo, tutasema wote kwamba zimegaiwa kwa ndugu na marafiki, na hata kama si kweli, nani atawaamini mkikana?

Waliotolewa kwa usalama wao wawe wa kwanza kurudi. Hili naliomba kwa mkazo. Familia ikiambiwa ihame kwa ajili ya matengenezo, ipewe karatasi yenye saini inayotaja fleti itakayorudi na kodi yake. Ahadi ya mdomo imewahamisha wengi, na wengi wao wangali wanaingoja. Jirani yangu mmoja alifariki akiwa bado ameitunza risiti ya mwisho ya kodi ya nyumba aliyotolewa, akiamini itamsaidia siku ya kuitwa.

Kuna faida nyengine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Waashi wanaoijua chokaa wamezeeka. Wachongaji wa milango wanao soko kwa sababu mahoteli yanataka milango, lakini anayejua kubadilisha kichwa cha boriti bila ya kushusha dari nzima, huyo ni mtu adimu. Kazi ya nyumba moja inaweza kuwafunza vijana kumi. Kazi ya nyumba ishirini inaweza kurudisha ufundi mzima, pamoja na tanuu za chokaa na biashara ya boriti zilizokatwa kwa utaratibu. Vijana hao watakuwa wanajifunzia ndani ya nyumba watakazozitengeneza tena miaka kumi baadaye, kwa sababu nyumba za mawe hazimalizi kutengenezwa.

Naomba, basi, mtoe kwanza orodha. Nyumba zote za Serikali na za wakfu zilizofungwa ndani ya Mji Mkongwe, mtaa kwa mtaa, hali yake, nani alitolewa na lini. Ibandikwe katika ofisi za masheha. Halafu mchague moja, isiyo kubwa sana na isiyokaribia kuanguka, muikarabati kwa utaratibu nilioueleza au ulio bora kuliko huu, mkiwashirikisha waliokuwa wakikaa humo tangu siku ya kwanza ya mchoro. Tuione, tuikosoe, muifanye ya pili vizuri zaidi.

Lakini kabla ya hayo yote, kuna kazi isiyohitaji mchoro wala mfadhili. Masika haisubiri vikao. Nyumba zote zilizofungwa zifunguliwe wiki hizi, mafundi wapande juu, waweke bati palipotoboka, wazibue makopo ya mvua, wakate miti iliyoota ukutani, wazibe mabomba yanayochuruza. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na ukuta mmoja ukianguka. Majirani tuko tayari kuonyesha zinakovuja. Sisi ndio tunaosikia maji yakidondoka usiku upande wa pili wa ukuta.

Wenu katika kuutakia mji kheri,

Mkaazi wa Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar